Chui wameshindwa, lakini tusiwageuze adui



Jumatano tarehe 7 Februari usiku, tulikuwa watu zaidi ya ishirini tumezunguka redio moja ndogo katika kambi moja hapa kando ya Goma. Mpira ulikuwa haujaanza bado. Mtangazaji akatuambia kwamba wakati wa wimbo wa taifa wachezaji wetu wamefunika mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wameelekeza vidole viwili kichwani, kama bunduki. Walikuwa wanasema juu yetu: watu wa mashariki wanauawa, na dunia imenyamaza. Mama mmoja aliyefika siku hiyo hiyo kutoka upande wa Sake, na mtoto mgongoni, aliuliza: "Ni sisi ndio wanatusema?" Tukamjibu ndiyo.

Dakika ya 65 Sébastien Haller akafunga. Côte d'Ivoire 1, Kongo 0, na ikabaki hivyo mpaka mwisho. Mzee mwenye redio akasema, "Nazima, tusimalize betri." Watu wakarudi chini ya shitingi zao bila neno. Jumamosi tukapoteza tena, mbele ya Afrika Kusini, kwa penati, tukaikosa hata nafasi ya tatu.

Uchungu huo ninauelewa. Kombe la Afrika tulilichukua mwaka 1968 na 1974, na vijana wengi wa hapa wanalijua kwa hadithi za baba zao tu. Lakini maneno niliyoyasikia tangu Jumatano, sokoni, kwa wamotari na kwenye bomba la maji, ndiyo yanayonisukuma kuandika leo.

Wako wanaosema kocha Desabre alikosea. Hayo ni maneno ya mpira, tubishane. Wako wanaosema tumerogwa. Hao niwaulize: tulirogwa na nani siku tulipoitoa Misri? Lakini wako pia wanaosema: "Wale si Wakongomani wa kweli, wamezaliwa Ulaya, hawana uchungu na nchi." Hapo ndipo sikubali.

Golikipa Lionel Mpasi amezaliwa Ufaransa. Tarehe 28 Januari, mbele ya Misri, ndiye aliyepiga penati ya mwisho na kuiingiza, tukashinda 8 kwa 7. Usiku ule nani aliuliza alizaliwa wapi? Wissa na Masuaku, waliofunga mbele ya Guinea pamoja na kapiteni Mbemba, nao ni wazaliwa wa Ufaransa. Bakambu vilevile, na ndiye aliyeandika mbele ya watu wote kwamba mauaji ya huku kwetu yanaonekana ila watu wananyamaza. Halafu, Haller aliyetutoa, yeye mwenyewe amezaliwa Ufaransa. Wenzetu wa Côte d'Ivoire hawakumwambia "wewe si wetu". Jumapili aliwafungia goli la ushindi kwenye fainali, wakalichukua kombe.

Ndugu zangu, sisi tunalijua vizuri hilo neno, "yule si Mkongomani wa kweli". Huku kwetu halikuanza uwanjani. Limefukuza watu mashambani, limechoma nyumba, limegawanya vijiji ambavyo watu walikuwa wanaoana na kuchangia mbegu. Mwaka 2024 wengi wetu tulikuwa chini ya shitingi kwa sababu, pamoja na mambo mengine, watu walizoea kuulizana nani ni wa hapa na nani si wa hapa. Kijana akizoea kulitamka neno hilo kwa mchezaji aliyekosa goli, kesho atalitamka kwa jirani yake wa hema la pili.

Kuna wengine wanasema, mtu aliyekimbia vita, asiyejua kesho atakula nini, analilia mpira wa nini? Mimi nasema ana haki. Mkimbizi amepoteza shamba na mbuzi, hajapoteza moyo wake wa kupenda kitu. Siku zile za mechi niliona watu wa Rutshuru na wa Masisi, ambao kwenye foleni ya maji hawasalimiani, wakishikana mikono kwa sababu ya goli. Hicho si kitu kidogo.

Sidanganyi mtu. Ile ishara ya wachezaji haikuleta hata kilo moja ya unga, wala haikunyamazisha bunduki. Siku zile zile watu wa Sake walikuwa njiani wanateremka kuelekea Goma. Wachezaji 11 hawawezi kutuletea amani. Kazi hiyo ni ya wale wenye mamlaka, na ni hao tunaopaswa kuwadai. Lakini vijana hao walikuwa na kamera zote za Afrika mbele yao, wakazitumia kututaja. Kuwatukana baada ya siku tatu ni aibu yetu.

Côte d'Ivoire walipigwa 4 kwa 0 na Guinea ya Ikweta, nyumbani kwao, mbele ya watu wao. Walilia, walikasirika, kocha akaondolewa. Kisha wakarudi uwanjani kuishangilia timu ile ile. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Mwezi wa Juni 2024 mechi za kufuzu Kombe la Dunia ziliendelea, mashindano ambayo hadi wakati huo hatukuwa tumeyafikia tena tangu 1974. Mzee mwenye redio ameniambia ataanza sasa kuweka franga mia moja moja pembeni kwa ajili ya betri. Tuliokuwa pale Jumatano tumekubaliana kumsaidia. Na wewe, ukimsikia mtu karibu yako anasema "wale si wetu", usicheke naye. Mkumbushe usiku wa Mpasi.