MOSHI WA JIKO

Huenda mwanachama akauliza: Kawajense, huko Mpanda, yatuhusu nini sisi wa visiwani? Yatuhusu moshi. Mama wa huko apikaye kwa kuni na mkaa avuta sumu ile ile aivutayo mama wa Micheweni: chembe ndogo mno zipenyazo mapafuni hadi damuni, zikaleta kichomi kwa watoto na maradhi ya moyo kwa wakubwa, na kaboni monoksaidi, isiyo rangi wala harufu, iuayo waliolala na jiko la mkaa chumbani.

Mwaka 2024 Serikali ya Muungano iliahidi kwamba ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 watapikia nishati safi. Ahadi njema. Lakini anunuaye mkaa kwa kopo atapata wapi fedha za kujaza mtungi mzima? Twadai gesi iuzwe kwa kipimo kidogo, Kawajense na Micheweni sawasawa.