Umeme Usioaga

Mgeni akija kwako hupiga hodi, na akitaka kuondoka huaga. Hata mtoto mdogo wa Arua anayajua haya kabla hajaanza shule. Umeme peke yake ndio unaoishi nasi bila adabu hiyo. Huondoka bila kwaheri, hurudi bila hodi, na sisi tumezoea hata hatuoni tena kwamba tunakosewa heshima.

Naandika insha hii kudai kwaheri. Sidai umeme usikatike kamwe, maana mti ukiangukia laini usiku wa mvua hakuna wa kulaumiwa. Nadai kwamba wanapojua watakata, watuambie mapema, tena kwa lugha na kwa saa tunazozielewa.

Shangazi yangu anaishi Koboko, kilomita kama 55 kutoka Arua ninakosoma. Nyuma ya nyumba yake ana matangi matatu ya vifaranga vya kambare. Huvilea kwa wiki kadhaa, kisha huwauzia watu wenye mabwawa. Sehemu ya karo yangu imetoka ndani ya matangi hayo.

Watu wengi hudhani kambare hafi ovyo, kwa kuwa wamemwona sokoni akiwa hai kwenye karai lisilo na maji. Ni kweli kwa kambare mkubwa, kwani ana kiungo cha ziada cha kuvutia hewa ya juu. Lakini kifaranga cha siku za mwanzo bado hakijakikuza kiungo hicho. Kinategemea oksijeni iliyoyeyuka majini, na katika tangi lililosongamana vifaranga, oksijeni hiyo huletwa na pampu ndogo ya umeme. Pampu ikizima wakati wa jua kali, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi. Vifaranga hupanda juu na kuanza kuhema. Asipokuwapo mtu wa kuyakoroga maji kwa ndoo, mambo huisha upesi.

Mwaka jana tangazo la kukatwa umeme lilitolewa. Nalisema hili ili nisionekane mwongo: tangazo lilikuwapo. Lilikuwa picha ya karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza, ikazunguka katika simu za watu wenye intaneti. Shangazi hana simujanja. Jirani alimtuma mwanawe aje kumwambia, na mtoto, aliyeona tarakimu 9 kwenye picha, akasema, “Shangazi, kesho umeme utakatika saa tisa.” Shangazi akafanya hesabu zake vizuri. Angekwenda sokoni asubuhi, angerudi saa saba, na saa tisa ingemkuta ameshakaa kando ya matangi na ndoo yake mkononi.

Karatasi ilisema saa 9 za Kiingereza, yaani saa tatu asubuhi. Umeme ulikatwa saa tatu. Shangazi aliporudi, tangi moja tu ndilo lililokuwa na uhai. Alinipigia simu nikiwa naingia darasani, akaniambia, “Mwanangu, wamekwisha.” Sikujua la kumjibu.

Baada ya hapo nilianza kutafuta jinsi watu wengine wanavyopata habari za umeme kukatika. Nikagundua kwamba wanaolihangaikia sana jambo hili ni watu wa Ulaya na Marekani wanaofuga matumbawe na samaki wa rangi katika matangi ya kioo sebuleni. Wana vifaa vyenye betri na kadi ya simu; pampu ikizima, mwenye nyumba hupata ujumbe hata akiwa kazini. Siwacheki, kwani kiumbe ni kiumbe, na anayekifuga ana wajibu wa kukilinda. Lakini fikirini, wenzangu: baadhi ya samaki wa mapambo wanaouzwa huko huvuliwa hapa kwetu, katika pwani ya Kenya. Samaki wa bahari yetu, akishafika ughaibuni, ana mtu wa kumpelekea habari ya umeme kukatika. Kambare wa Koboko hana.

Nilijaribu kuwaiga. Nilichukua simu yangu ya zamani, nikaiacha kwa shangazi ikiwa kwenye chaja, nikaiwekea programu inayotuma ujumbe mara chaja inapokosa umeme. Mnara wa simu nao ukizimika, ujumbe hautoki, kwa hiyo nikaipanga pia initumie neno moja kila baada ya saa chache: “Nipo.” Isiposema “Nipo,” ninajua kuna jambo, nami humpigia jirani. Kifaa hiki kinafanya kazi, na nawashauri wenye majokofu ya dawa, mashine za kuangulia vifaranga vya kuku au biashara ya samaki wabichi wakijaribu.

Hata hivyo kifaa changu kina udhaifu ambao hakuna fundi awezaye kuuondoa: hunipa habari wakati giza limeshaingia. Habari ya kabla anayo mtu mmoja tu, naye ni yule atakayeshusha swichi. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Saa mbili tu za taarifa zingemtosha shangazi. Asingewalisha vifaranga asubuhi ile, kwa sababu samaki aliyeshiba hutumia oksijeni nyingi zaidi. Angepunguza msongamano, angebadilisha maji, angejaza betri chaji, angemwacha binti yake nyumbani. Hayo yote hayagharimu karibu chochote mtu akijua mapema, na hayana faida yoyote akijua baadaye.

Wako watakaosema tushukuru kwa tulichonacho. Kwa miaka mingi West Nile haikuwa kwenye gridi ya taifa. Tuliishi kwa jenereta, na tangu 2012 kwa mtambo mdogo wa maji wa Nyagak huko Zombo, wa megawati 3.5. Leo laini kubwa imetoka Kole, ikapita Gulu na Nebbi hadi Arua, na nchi ina bwawa la Karuma la megawati 600 lililozinduliwa 2024. Nashukuru. Lakini shukrani si sababu ya kunyamaza. Wakati umeme ulipokuwa haba, tulivumilia giza kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kutupa. Je, ujumbe wa simu nao ni haba? Unahitaji bwawa gani?

Wengine watasema shangazi anunue sola. Anayo, ya taa tatu na redio. Kuendesha pampu mchana na usiku kunataka betri kubwa ambayo bei yake inazidi mapato ya matangi yenyewe. Na hata akiinunua, bado ni mteja anayelipia umeme, na mteja ana haki ya kujua bidhaa aliyoilipia itakosekana lini.

Wengine watasema ni vigumu kuwafikia wateja wote. Hoja hii ndiyo inayonikera zaidi. Shangazi hununua umeme kwa pesa za simu. Akilipa, tarakimu za kuingiza kwenye mita humfikia palepale, hata ikiwa usiku wa manane. Kwa hiyo namba yake inajulikana, mita yake inajulikana, na njia ya kumfikia ipo wazi. Tukilipa tunaonekana, ni wakati wa kuarifiwa tu ndipo tunapopotea.

Sasa nawageukia ninyi mnaosoma mkusanyiko huu, wanafunzi wenzangu na walimu wetu. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, itumike katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kuitekeleza hatua ya kukifanya lugha rasmi. Tunashangilia habari hizi kila Siku ya Kiswahili, kwa mashairi na hotuba. Basi mazingira yenyewe ni haya. Katika soko la Koboko, anapokutana Mkakwa, Mlugbara, Mnubi na mfanyabiashara kutoka Kongo au Sudan Kusini, Kiswahili hufanya kazi tangu asubuhi hadi jioni. Ni katika matangazo tu ndipo kinapogeuka kuwa lugha ya sherehe. Na saa zetu zinakwenda nacho: saa tatu asubuhi ni saa tatu tangu jua lilipochomoza, na mtoto aliyesema saa tisa hakuwa mjinga. Alisoma kwa saa za nyumbani karatasi iliyoandikwa kwa saa za ofisini.

Tunataka mambo matatu. Kwanza, kazi iliyopangwa itangazwe siku moja kabla, kwa ujumbe wa simu na kwa redio za hapa. Pili, hitilafu isiyopangwa ikitokea, wateja waambiwe imetokea wapi na umeme unatazamiwa kurudi lini. Tatu, tangazo liwe kwa Kiswahili, pamoja na Kilugbara, Kikakwa au Kialur kulingana na mahali.

Watakaosema tafsiri ni ghali, mimi nimeshawafanyia ya kwanza bila malipo: “Ndugu mteja wa Koboko mjini, kesho Jumanne umeme utazimwa kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni. Tunakata miti chini ya laini. Jiandae.” Ujumbe huu hauvuki herufi 160, ambazo ni nafasi ya ujumbe mmoja wa simu. Darasa letu zima likikaa mchana mmoja linaweza kuandika mfano wa kila tangazo ambalo ofisi ya umeme itahitaji kwa mwaka mzima, na naomba walimu wetu watupe kazi hiyo muhula ujao, kisha tuipeleke wenyewe.

Shangazi ameshajaza tena matangi mawili. La tatu liko tupu, amelifunika kwa turubai. Anasema atalijaza siku atakayojua saa ya umeme kuondoka.