Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo husikika mara nyingi panapozungumzwa hesabu za ghala na fedha za umma. Lakini hakuna mahali unapotimia zaidi kuliko juu ya meza ya mhifadhi wa sarafu za kale katika jumba la makumbusho. Kwake, maandishi yanayoeleza sarafu ilikotoka yana thamani pengine kuliko sarafu yenyewe. Ni jambo la kusikitisha kwamba wananchi wengi, wakiwamo wenye elimu, bado hawajalitambua jambo hilo.

Zichukuliwe kwa mfano sarafu za shaba za Kilwa Kisiwani. Upande mmoja huwa na jina la sultani kwa herufi za Kiarabu, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yakiwa yamepangwa ili vina vya pande mbili vioane. Mwalimu wa ushairi angezifurahia. Lakini sarafu hizo za shaba hazina mwaka. Mtu anayeishika mkononi atamjua mtawala kwa jina, asijue alitawala lini. Anayeweza kutoa jibu ni ardhi ilimolala sarafu hiyo: tabaka la udongo, vigae vilivyokuwa kando yake, na vitu vingine vilivyofukiwa pamoja nayo.

Mfano wa sultani Ali bin al-Hasan unatosha kulithibitisha hilo. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na kuchapisha matokeo ya kazi yake mwaka 1974, alimweka sultani huyo karibu na mwaka 1200. Kisha mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, ikagunduliwa akiba ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, na miongoni mwake zimo zenye jina la Ali bin al-Hasan. Pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu za Wafatimi waliotawala Misri, nazo ni za karne ya 11. Kwa sababu sarafu hizo zilipatikana pamoja na kuandikwa pamoja, wataalamu waliweza kumrudisha nyuma Ali bin al-Hasan hadi karne hiyo ya 11. Historia ya pwani ya Afrika Mashariki ikasogea kwa miaka zaidi ya mia moja, na ikathibitika kwamba miji yake ilikuwa ikifua fedha yake yenyewe mapema kuliko ilivyodhaniwa.

Sasa na ifikiriwe kwamba akiba hiyo ingegawanywa: dinari ziende kwa sonara zikayeyushwe, na vipande vya fedha viuzwe kimoja kimoja kwa wageni. Hakuna mtaalamu ambaye angeweza kuirudisha habari hiyo.

Hasara ya namna hiyo si ya kubuni. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu kadhaa mchangani katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi hiyo. Aliziweka ndani ya mkebe, na hazikupelekwa kutambuliwa mpaka mwaka 1979. Tano kati yake zilikuwa za Kilwa. Hapana shaka kwamba habari hiyo ni ya ajabu, na ingeweza kufungua mlango mkubwa katika historia ya safari za Bahari ya Hindi. Lakini hakuna aliyeandika wakati ule zilikaa vipi katika ardhi ile wala zilikuwa na nini kando yake. Mabishano kuhusu nani aliyezifikisha huko, na katika karne gani, yameendelea hadi leo. Sarafu zipo, ushahidi haupo.

Hapo ndipo umuhimu wa kazi ya mhifadhi unapoonekana. Sarafu inapofika mikononi mwake huipima uzito na upana, huipiga picha pande zote mbili, huipa namba, na kuandika jina la mahali, tarehe na aliyeileta. Kisha huihifadhi pakavu, kwa maana shaba iliyokaa karne nyingi katika udongo wa pwani imekwisha kunywa chumvi, na ikipata unyevu huota unga wa kijani unaoila mpaka iishe. Ni kazi ya subira isiyo na shangwe. Lakini mhifadhi hawezi kuandika asichoambiwa. Sarafu iliyoletwa bila habari, au iliyosuguliwa kwa mchanga na ndimu ili ing'ae, hufika mbele yake kama shahidi aliyekatwa ulimi.

Wapo watakaouliza ni kwa nini nchi yenye haja ya madawati na dawa ijishughulishe na vipande vya shaba. Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu. Daftari, mizani ndogo na kabati kavu si gharama ya kuliumiza taifa. Tena dawati lililokosekana mwaka huu laweza kupatikana mwaka ujao, lakini habari ya mahali sarafu ilipolala ikipotea mara moja imepotea milele. Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, imeweka ulinzi wa masalia ya kale. Hata hivyo sheria haiwezi kusimama zamu katika kila shamba na kila ufuko.

Wanaoweza kusimama zamu hiyo ni walimu na watumishi wa umma walioko vijijini, kwani ndio wa kwanza kuletewa kitu cha ajabu kilichookotwa. Hapana budi wafahamu kwamba sarafu ya kale haisafishwi, haiuzwi, wala haifichwi sandukuni kama kumbukumbu ya nyumbani. Panapowezekana iachwe mahali ilipo mpaka afisa anayehusika apewe habari. Na kama imekwisha kuokotwa, ifungwe katika karatasi kavu na kupelekwa ikiwa na maelezo yake.

Mwanafunzi atakapoingia darasani na kipande cha shaba kiganjani, asikaripiwe kwa kuchezea uchafu, wala asiulizwe kinaweza kuleta shilingi ngapi. Aulizwe amekiokota wapi, kwa kina gani, na kando ya nini. Na jibu lake liandikwe siku hiyo hiyo.