Kupumzika Hakuhitaji Msiba

Nilipomwambia jirani yangu kwamba Ijumaa nampeleka mama Lushoto tukalale usiku mmoja, alinishika mkono kwa huruma. "Poleni jamani. Nani amefariki?" Hakuna aliyefariki. "Basi kuna harusi?" Hakuna. "Mna mgonjwa huko?" Hatuna, tunakwenda kupumzika. Akanyamaza kidogo, kisha akasema maneno ninayoyasikia tangu utoto: "Hayo mambo ya wazungu."

Maneno hayo nayapinga, tena kwa nguvu zote. Imani kwamba mtu mzima halali nje ya nyumba yake bila sababu, na kwamba sababu ni msiba, harusi, ugonjwa au semina, si busara ya wazee wala si kubana matumizi. Ni kifungo tulichokizoea, na wanaokitumikia zaidi ni mama zetu.

Mama yangu ana miaka 68, na 34 kati ya hiyo aliimaliza akifundisha shule ya msingi. Amelala nje ya nyumba yake mara nyingi mno, na karibu kila mara ilikuwa mkekani, msibani, akiamka alfajiri kuosha masufuria. Akienda kijijini Krismasi hupokewa kwa vigelegele, na kabla hajavua viatu ameshakabidhiwa ugomvi wa mpaka wa shamba na ada ya mtoto wa fulani. Huko ni kutimiza wajibu, na wajibu ni jambo jema. Ila tusiuite mapumziko.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka. Tunazifanyia nini? Wengi wetu hapa Dar tunazimalizia saiti, Chanika au Bunju, tukihesabu mifuko ya saruji na kumlinda fundi. Tunarudi ofisini tumechoka kuliko tulivyoondoka, na tunajisifu.

Neno lenyewe tumeliharibu. Ingia gesti za mjini, mhudumu atakuuliza, "Mnalala au mnapumzika?" Kupumzika, hapo, ni saa mbili za kujificha. Ndiyo maana mke na mume wenye cheti chao cha ndoa wanaona haya kuonekana mlangoni pa nyumba ya wageni. Neno zuri tumewaachia wenye siri, na wenye nia safi wanaogopa kulitamka.

Kuhusu wazungu, tuitazame hiyo Lushoto. Wajerumani waliiita Wilhelmstal, wakaifanya mahali pa maofisa wao kukimbia joto la pwani. Waingereza wakaifuata baridi hiyo hiyo. Mwenyeji alihitajika kubeba mizigo, kufagia na kupika. Basi tukisema leo kwamba baraza ni la mzungu na jiko ni letu, hatutetei mila. Tunaendelea kutii amri ya bwana aliyekwisha kuondoka. Mila ya milima ile ni kongwe kuliko bwana huyo. Mmisionari Krapf alipopanda Usambara mwaka 1848, alikuwa mgeni wa Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kutoka Vuga. Kukaribisha tunakujua toka zamani. Tunachotakiwa kujifunza ni kukubali kukaribishwa.

Wapo watakaouliza: kwa nini ulipie kitanda na ndugu wapo? Wazee waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walijua kwamba kwa ndugu hukai kwa raha siku nyingi. Hao hao ndio waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone. Karoti, kabichi na mapeasi ya Lushoto yamezoea kupakiwa kwenye malori kuja Dar, na mkulima hupokea bei ya dalali. Mgeni akilala kule, mboga inaliwa palepale ilipong'olewa, maziwa yanatoka kwa jirani, na binti wa kijiji anapata mshahara bila kuhamia mjini.

Wengine watasema pesa hakuna. Asiye na chakula cha kesho simsemi, na namwombea. Nasema nasi tunaochangia harusi kila mwezi, sare juu. Chumba chetu, pamoja na chakula cha usiku na chai ya asubuhi, kilinigharimu pungufu ya mchango niliotoa kwa harusi moja ya ukumbini, ya watu ambao nusu yao sikuwajua.

Tulishuka Mombo, tukapanda kilomita zipatazo 33 za kona, tukapita Soni, sweta zikatolewa mkobani. Mama alilala mapema. Alfajiri sikumkuta kitandani. Nilimkuta uani ameshika ufagio. Mhudumu alikuja mbio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Naomba huo ufagio, mama. Leo ni zamu yetu."

Mama akanigeukia. "Sasa mimi nifanye nini?"

Mwanamke wa miaka 68 aliuliza hivyo, na aliuliza kwa dhati. Nilimwambia akae. Akakaa, kwanza ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa, kisha akaegemea. Chai ikaja. Baadaye tulitembea polepole hadi Irente, tukaona mashamba ya mkonge ya Mazinde yamelala chini kabisa ya miguu yetu. Hapo ndipo aliponisimulia jinsi baba yake alivyotaka kumwachisha shule darasa la nne, na jinsi bibi yake alivyouza mbuzi wawili ili aendelee. Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Nimeishi na mama miaka mingi, lakini hatukuwahi kukaa.

Kwa hiyo atakayeniuliza tena nani amefariki, nitamjibu hivi: hakuna, na ndiyo maana tunakwenda. Siku mama atakapoondoka, Mungu aiweke mbali, ofisi itanipa ruhusa, ukoo utachanga, na basi litakodiwa kabla ya jua kuzama. Hakuna atakayesema ni anasa. Ruhusa hiyo, mchango huo na basi hilo, nataka avipate akiwa hai.