Mtoto Mdogo Asiachwe Mlangoni mwa Makumbusho

Kila shule zinapofungwa, mabasi yatokayo Sumbawanga kwenda Mbeya na Dar es Salaam huondoka yamejaa watumishi wa umma na walimu waendao likizo pamoja na familia zao. Safari ni ya zaidi ya kilometa 1,000, na watoto wadogo hupakatwa njia nzima. Wafikapo mjini, mtoto huyo aliyepakatwa hupelekwa kwa bibi yake, hupelekwa ufukweni, hupelekwa hata madukani kutazama ngazi ziendazo zenyewe. Lakini siku ya kwenda Makumbusho ya Taifa, kama siku hiyo ipo, yeye huachwa nyumbani. Kaka na dada zake huenda. Yeye huambiwa asubiri akue.

Mazoea haya yamekwisha kuvikwa joho la hekima. Husemwa kwamba mtoto wa miaka minne haelewi kitu, kwamba atalia, atashika visivyoshikwa na kuwaaibisha wazazi wake mbele za watu. Husemwa hivyo na watu waliosoma, tena baadhi yao ni walimu. Ukiyachambua maneno hayo utakuta nyuma yake kasumba ya siku nyingi, kwamba makumbusho ni nyumba ya wasomi na ya wageni kutoka ng'ambo, na kwamba mwananchi huingia humo kwa kunyata. Kasumba hiyo haikuzuka hivi hivi. Jumba la Dar es Salaam lilifunguliwa mwaka 1940 kuwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza, na hakuna anayeweza kudai kwamba waliolijenga walikuwa wakimfikiria mtoto wa mkulima wa Ufipa.

Lakini taifa huru lilikwisha kutoa jibu lake. Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge Desemba 1962, baada ya kuwa Rais, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Utamaduni na vijana viliwekwa chini ya paa moja. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 nayo ikaifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Ni ajabu basi kwamba mwalimu yule yule anayemfundisha mtoto wa miaka mitano kuchora duara na kutaja rangi akiwa darasani, anapokuwa safarini anashikilia kwamba mtoto wa umri huo hawezi kutazama kitu na kukifurahia.

Haelewi nini? Mtoto wa miaka minne amekwisha kujifunza lugha nzima, na Ufipa wako wanaojifunza mbili kwa pamoja, bila kusoma kibao hata kimoja. Mbele ya picha ya mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, mtoto huwa amekwisha kumtaja chui na ndege aliye juu ya mti kabla baba yake hajamaliza kusoma jina la mchoraji. Mbele ya fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey kule Olduvai Julai 1959, atauliza juu ya meno. Miaka milioni moja na robo tatu haina maana kwake. Na kwa kweli haina maana kwa watu wazima wengi wanaoitaja kwa kujiamini. Meno ni mwanzo mzuri. Wataalamu nao walianza na meno.

Kuhusu Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa mwaka 1966 kando ya barabara ya Bagamoyo, pengine ndipo mahali pafaapo kuliko pote kwa mtoto mdogo, kwa kuwa nyumba za makabila zimejengwa kwa kimo chake halisi na mtoto huingia mlangoni bila kuinama huku baba yake akigonga paji la uso. Hata hivyo wako wakazi wa Dar es Salaam wanaolijua neno Makumbusho kuwa jina la kituo cha daladala tu.

Kweli, watoto hulia, nao hushika vitu. Lakini aghalabu kosa ni la mkubwa. Mzazi anayemkokota mtoto saa tatu mbele ya makabati ya vioo, akimsomea kila kibao kwa sauti ya mkaguzi wa shule, asishangae mtoto akilala sakafuni. Nusu saa inatosha, na vitu vitatu vinatosha. Mtoto achague mwenyewe kimoja, aulize, ajibiwe, kisha atolewe nje akanywe maji. Na walinzi wa makumbusho nao waache kumtazama mtoto kama mwizi aliyeingia ghalani. Penye kitu kisichoguswa paelezwe kwa upole, na pawe na chungu au mwiko mmoja wa kuguswa.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni mambo ya Dar es Salaam, na kwamba Makumbusho ya Taifa hayajafungua tawi Rukwa. Hilo ni kweli, na ni dai halali la wana-Rukwa. Lakini ndipo uzembe unapojificha, kwa maana Ufipa ina makumbusho yasiyo na kuta, na mtumishi anayehamishiwa Sumbawanga hupita kando yake kila aendapo kukagua mradi.

Hayo ni malungu, matanuru ya kuyeyushia chuma. Ilungu moja lilijengwa kwa udongo wa kichuguu likafikia kimo cha kama meta tatu, pana chini na jembamba juu, likiwa na matundu kuizunguka shina lake. Halikuhitaji mivukuto. Hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu hayo, moto ukapanda kati ya makaa na mawe ya chuma, na kilichopatikana kikasafishwa upya katika tanuru dogo, ambako mivukuto ilitumika. Kisha wahunzi wakafua majembe. Ilungu lilipambwa kama bibi harusi, na kazi yake ilikuwa na nyimbo na dawa zake. Majembe ya viwandani kutoka ng'ambo ndiyo yaliyoizima kazi hiyo wakati wa ukoloni. J. A. R. Wembah-Rashid aliandika juu ya wafua chuma hao mwaka 1969, na Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akawachunguza katika miaka ya 1990. Wataalamu wametoka mbali kuyatazama matanuru haya. Mtoto wa shule iliyo karibu nayo hucheza ndani yake, huokota mavi ya chuma na kuyarusha, na hakuna anayemwambia ameshika nini.

Hapa hakuna kioo wala mlinzi. Mtoto wa miaka minne anaweza kuchungulia tundu, kuuliza moto uliingilia wapi, kupima uzito wa jiwe jeusi kiganjani. Mwalimu wa darasa la awali hahitaji ruzuku kwa safari ya namna hii. Anahitaji ruhusa ya mwenye shamba, mzee mmoja wa kijiji anayekumbuka, na asubuhi moja. Familia iendayo Kasanga kuitazama ziwa, au Kalambo kutazama maji yakiporomoka zaidi ya meta 200 (huko mtoto abebwe mgongoni, asiachwe chini), inaweza kuuliza njiani kama kuna ilungu karibu.

Tena jambo lenyewe lina haraka. Watakaopiga kura katika halmashauri za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo miaka ishirini ijayo, wakaamua kama shamba lenye ilungu lilimwe kwa trekta au lizungushiwe uzio, leo wana miaka minne na mitano. Mvua za Ufipa huanza Novemba, na malungu yaliyosalia hayana paa.