Wapeni Tochi

Nimechoka na fulana za kampeni. Kila mwaka tunaandamana kupinga saratani, tunapiga picha, tunarudi nyumbani, na hakuna aliyeambiwa afungue kinywa.

Saratani ya mdomo huanza na baka jeupe au jekundu, au kidonda kinachopita wiki mbili bila kupona. Mara nyingi mwanzoni haviumi, ndiyo maana mtu hukaa navyo. Kuviona kunataka tochi na jicho lililofundishwa. Kule Kerala, India, kuanzia 1996, wahitimu wa vyuo wasio madaktari walifundishwa, wakapita nyumba kwa nyumba wakikagua vinywa. Matokeo yaliyotolewa 2005: miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 34.

Nasi huku Pwani tunatafuna tambuu kwa popoo na tumbaku. Vijana wanaweka kuberi mdomoni. Shangazi yangu ametafuna miaka 40. Kliniki wanampima presha kila aendapo. Kinywa, hata siku moja.

Mtasema madaktari hawatoshi. Kerala hawakuwangoja. Wahitimu wasio na kazi tunao tele. Wafundisheni, tengeni kitanda hospitalini kwa watakaokutwa na baka, kisha wapeni tochi.