Baba Anapokwenda Darsa ya Wanaume

Tangazo la darsa ya wanaume likisomwa baada ya swala ya Ijumaa, akina baba wengi wa huku kwetu Mbezi Beach huinamia viatu vyao. Mtu aliyeamka alfajiri kuiwahi foleni ya Barabara ya Bagamoyo hataki jioni akahojiwe kama mwanafunzi. Wengine hudhani watasimamishwa waeleze ya chumbani.

Hasimamishwi mtu. Darsa za namna hii aghalabu hufanyika kati ya Magharibi na Isha, muda wa saa moja hivi. Mnakaa chini, ustadhi anasoma aya au hadithi na kuifafanua (utangulizi, kwa maoni yangu, ungefupishwa), kisha vinakusanywa vikaratasi vya maswali visivyo na majina. Hapo ndipo darsa yenyewe inapoanza. Yupo aliyeachishwa kazi, na kila asubuhi anavaa shati na kutoka ili mkewe asijue. Yupo ambaye mwanawe wa kidato cha tatu hamsemeshi. Yupo mwenye deni. Usistaajabu swali lako likisomwa kwa mwandiko wa mwingine.

Utaulizwa nawe. Bibi Aisha (r.a.) alisimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa swala ukiingia hutoka kwenda kuswali. Ustadhi akiuliza ni nani amefanya hivyo wiki hii, msikiti mzima hunyamaza.

Nawe mama, akirejea usimpekue. Ya kikaoni ni amana. Muulize amejifunza nini, usimuulize nani kasema nini.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro ufikishwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya shauri la talaka kufunguliwa mahakamani, isipokuwa kwa hali chache. Kabla ya sheria hiyo, Surat an-Nisaa, aya ya 35, ilikwishaagiza mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwingine kutoka kwa jamaa za mke. Ila wengi hufika mbele ya waamuzi wakiwa wamenuniana miaka, na mwanamume ndiyo kwanza anafumbua kinywa. Kikaratasi cha darsani kingemfumbua mapema, wakati bado wanakula sinia moja.

Isha ikishaswaliwa, usikimbilie gari. Ustadhi hubaki barazani kidogo, na mazungumzo ya pale hayana kikaratasi wala kipaza sauti.